Mama Achieng, Yule Tuliyemkatia Simu Amekuja

Mama Achieng,

Amekuja. Yule mtu tuliyemkatia simu, yule uliyemtukana nikicheka mpaka chai ikanipalia, amekuja mwenyewe hadi kibandani kwangu hapa Kawangware. Alisimama mbele ya mashine yako akiwa na faili kwapani, akasema, "Habari yako, dada," na mimi nikaijua ile sauti kabla hajataja jina. Mkasi ulinianguka. Si mwizi, Mama Achieng. Hakuwahi kuwa mwizi.

Hayo ni ya wiki tatu zilizopita, na tangu siku hiyo sijashona nguo ikakaa sawa. Jana yametokea mengine. Nitakuambia yote, ila ngoja nipumue kwanza. Nakuandikia ingawa wewe ndiye uliyesema barua ni za watu ambao simu zao hazina kredo. Kredo ninayo. Namba yako ndiyo haipiti.

Acha nianze na mambo unayoyajua, nipate nguvu ya kufika kwa yale usiyoyajua.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Nilitoka Kawangware kwa miguu mpaka kwako Silanga, kule Kibera, msichana wa Kitui ambaye hata mkasi nilikuwa naushika kama jembe, na wewe hukunipa kitambaa. Ulinipa sindano na uzi. "Tunga," ukasema. Nikatunga. "Tunga ingine." Miezi miwili kazi yangu ilikuwa kutunga sindano, kupiga pasi na kukuletea maji, nikadhani ndivyo ufundi unavyofundishwa kwenu kule ziwani. Baadaye ulinifundisha kupima, kukata, kuweka zipu isiyoonekana, kola ya shati isiyolala, yote. Lakini kila asubuhi, hata nilipokuwa fundi kamili, ulininyooshea sindano bila kunitazama: "Nyathina, tunga hii." Mtoto wangu, tunga hii. Niliipenda hiyo kazi kwa sababu ya hilo neno. Sikujiuliza kwa nini fundi wa miaka yote hiyo hatungi sindano yake mwenyewe.

Sukari ulikuwa nayo tangu kabla yangu na hukuificha. Ulikunywa chai chungu mbele ya wateja kwa madaha, kisha ukaenda nyuma ya pazia la kujaribia nguo kutafuna mandazi, ukidhani sisikii. Nilikusikia. Kila siku nilikusikia.

Halafu ikaja sketi ya kwaya. Kitambaa cha bluu iliyokolea, na wewe umekishona kwa uzi mweusi, pindo lote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikadhani uzi wa bluu umeisha. Uzi wa bluu ulikuwa hapo hapo kando ya mkono wako. Sikusema kitu. Ulipotoka kwenda kununua omena nilifumua pindo lote, nikalishona upya, nikalipiga pasi, ukarudi usijue. Wiki iliyofuata uligeuza mkono wa blauzi, upande wa ndani ukatokea nje. Nikafumua. Mwishowe ikawa ndiyo kazi yangu ya kila mchana: ukitoka tu, nachukua wembe.

Na nilijivunia! Nilijiambia namsitiri mama, wateja wasije wakasema Mama Achieng mkono umezeeka. Wateja hawakujua. Achieng, bintiyo, hakujua. Na wewe, kwa kuwa kila nguo ilitoka safi, hata wewe hukujua macho yako yamefikia wapi. Hilo la mwisho limeniingia akilini juzi tu, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji. Wewe ungeyajua macho yako kwa makosa yako. Mimi niliyaondoa makosa yote.

Sasa ile siku ya kamera. Tulienda kliniki kuchukua dawa zako tukakuta foleni ya pili, wagonjwa wa sukari wanaitwa waingie chumba chenye giza wapigwe picha za macho, bure. Wakatueleza kwamba ni utafiti na serikali ndiyo imetoa pesa. Inataka kujua sukari inawaharibia macho watu wangapi mitaani kwetu, na kama nesi mwenye kamera anaweza kuuona huo ugonjwa mapema, kabla mtu hajafikishwa hospitali kubwa akiwa anashikwa mkono. Ulinikonyeza. "Serikali inipige picha ya jicho bure? Hata kitambulisho ilinizungusha mwaka mzima." Lakini uliingia, kwa sababu ndani kulikuwa na viti. Wakakutia matone, ukaweka kidevu kwenye kifaa chao, ukatoka ukipepesa na kulalamika kwamba umeonyeshwa majua mawili. Walipokuomba namba ya simu uliwapa yangu. "Yangu inakaa na wajukuu," ukawaambia. Ukweli ni kwamba ulikuwa huoni tena maandishi kwenye simu yako, na hilo pia tulilifunika kwa kicheko.

Walisema majibu yatakuja. Mvua ikanyesha, ikaisha, ikanyesha tena. Hayakuja, tukasahau.

Halafu simu. Najua unaikumbuka, uliisimulia mpaka kanisani. Mara ya kwanza nilikata mwenyewe. Mara ya pili tulikuwa wote, na Mzee Musyoka wa makaa alikuwa ameegemea mlango wetu kama kawaida yake, nikaweka spika ili tuburudike. "Napiga kutoka mradi wa macho wa serikali. Mama amechaguliwa kupata matibabu ya bure, na ni ya haraka. Kwanza tafadhali nithibitishie namba ya kitambulisho." Serikali, bure, haraka, na kitambulisho! Nani Nairobi hii hajapigiwa hiyo simu? Jirani yetu aliibiwa na sauti tamu kuliko hiyo. Ukaninyang'anya simu. "Wewe kijana, uko jela gani? Unatuona mafala? Hiyo serikali ikitaka macho yangu ikuje hapa Silanga iyachukue!" Mzee Musyoka alicheka mpaka akaketi juu ya gunia. Na yule mtu, kidole changu kikiwa tayari juu ya kitufe, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tafadhali usikate."

Nikakata. Nikaifungia namba yake isipige tena. Ukaja ujumbe ulioanza na "Mpendwa mshiriki," nikaufuta kabla sijaumaliza. Wiki nzima ilitosha mmoja wetu aseme "Mama, tafadhali usikate" na kibanda kizima kinacheka. Wewe ndiye uliyekuwa unaigiza ile sauti vizuri zaidi.

Yaliyofuata unayajua nusu. Asubuhi moja jicho lako la kushoto lilijaa kile ulichokiita masizi, ghafla tu, ukisema ni moshi wa makaa ya Musyoka. Tukageuza mashine iangalie upande mwingine. Kisha ile mistari midogo kwenye sirinji ya dawa yako ya sukari ukasema siku hizi wanaichapisha vibaya, nikaanza kukuvutia dawa kila jioni kabla sijaondoka. Jumapili Achieng alikuja kutoka Ayany akakuvutia yeye, na yeye ulimwambia mikono imechoka. Kila mtu ulimpa sababu yake.

Ile Jumamosi kulikuwa na sketi za kwaya za kumaliza, na wingu lilikuwa limefunga upande wa kwetu. Ukanifukuza. "Enda, nyathina, utanyeshewa. Mimi nilianza kuvuta dawa kabla wewe hujajua kuvuta uzi." Nikaenda. Nilienda, Mama Achieng. Nilijifunga leso kichwani, na nakumbuka nilifurahi kwamba nitafika nyumbani mapema.

Achieng alipokuja asubuhi kukuchukua kwenda kanisani alikukuta umeshaondoka.

Daktari alisema sukari ilishuka mno, dawa ilizidi. Pale mochari Achieng alinitazama akasema, "Mathe hajawahi kosea kipimo maisha yake yote." Nami nikainamisha kichwa. Mtu ambaye hatofautishi bluu na nyeusi kwenye mwanga wa saa sita mchana, angeionaje mistari ile? Nilijua palepale. Sikusema. Nilishona nguo zako za mazishi, nikatia vifungo vyote mwenyewe, na sikusema.

Tangu uondoke mambo ni mengi na si mengi. Kibanda chako kinauza vifuniko vya simu. Achieng alinipa mashine akisema inanijua kuliko inavyomjua yeye, nikaileta huku Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, ambako angalau nalala karibu na kazi. Pedali bado inalia pale pale ilipokuwa ikilia. Nina wateja wanaoniita madam, ungecheka. Na kila asubuhi natunga sindano mbili, moja ya kushonea na moja naichomeka tu kwenye sponji. Mkono umezoea. Sijaweza kuuachisha.

Sasa ndipo akaja huyu mtu. Anaitwa Wekesa. Wewe ulimwita kijana, kumbe ana mvi. Alikuwa amezunguka Silanga na karatasi iliyoandikwa jina lako na "fundi wa nguo, karibu na makaa," akaambiwa fundi amehamia Kawangware, akanifuata. Akaniuliza kama ni mimi ninayeishi nawe. Nikamwambia umefariki. Aliketi kwenye kigoda cha wateja bila kukaribishwa, akaishikilia ile faili kwa mikono miwili.

Akanieleza, na mimi nasikia lakini sisikii. Kwamba zile pesa za serikali za utafiti zilichelewa, kisha zikakatika kabisa. Kamera zikafungiwa stoo. Daktari wa kuzisoma picha hakuwa akilipwa, akaenda kutafuta kazi kwingine, na macho yako, Mama Achieng, macho yako yakakaa ndani ya kompyuta bila mtu wa kuyaangalia, mvua ikinyesha na kuisha. Pesa ziliporudi walizisoma zote kwa pamoja, na ya kwako ikawekwa alama nyekundu. Siku hiyo hiyo akapiga simu. Na kitambulisho alikiomba kwa sababu amekatazwa kumwambia mtu yeyote habari za ugonjwa wako kabla hajahakikisha ni wewe. Kile kile kilichotufanya tumwite mwizi kilikuwa ni kukulinda wewe.

Nikamuuliza kama siku ile aliyopiga ilikuwa tayari umechelewa. Akafunga faili. "Wakati ule bado kulikuwa na la kufanya," akasema. Kuna miale wanayotumia kuziba mishipa inayovuja nyuma ya jicho. Unakaa kwenye kiti, wanafanya, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nikarudia maneno hayo kwa sauti. Siku hiyo hiyo. Mteja aliyekuwa anangoja suruali yake aliondoka bila kuniaga, sijui uso wangu ulikuwaje.

Nikamwambia ni mimi. Ni mimi niliyekata. Akasema, "Wengi walikata." Hakunilaumu. Afadhali angenitukana vile tulivyomtukana.

Alikuwa na maombi mawili. La kwanza, mtu wa familia yako atie sahihi ili picha zako ziendelee kutumika katika utafiti, maana mwenyewe hupo. La pili, kwamba pesa zinakaribia kukatwa tena katika bajeti mpya, kutakuwa na mkutano wa wananchi pale ukumbini Kibera, na wanahitaji watu waliowahi kuguswa na jambo hili waje waseme. Akaniuliza bintiyo yuko wapi.

Nikadanganya. Nilisema Achieng ameenda ushago, kijijini kwenu. Achieng hayuko ushago, yuko Ayany kwenye duka lake la nafaka, na siku hiyo hiyo asubuhi alikuwa amenitumia picha ya mtoto wake mdogo. Lakini kumpeleka Wekesa kwa Achieng ni kuipeleka ile simu kwa Achieng. Ni kumwambia kwamba mama yake angepona macho, na angeiona ile mistari, na Jumamosi ile ingepita kama Jumamosi nyingine, na kwamba aliyezuia ni mimi anayeniita dada. Ningempoteza. Tayari nimekupoteza wewe. Wiki tatu nzima nilipoona jina lake kwenye simu nilikuwa naiacha ilie mpaka inyamaze. Ndiyo, umesikia. Nilirudia kosa lile lile, safari hii kwa mtoto wako.

Jana nilienda ukumbini. Nilijiambia nitakaa nyuma nisikilize tu. Palikuwa pamejaa, watu wanazungumzia mitaro, vyoo, basari za watoto, kila mmoja na dakika zake mbili za maikrofoni. Na nikamwona Achieng ameketi mbele yangu, viti vichache tu. Wekesa hakuningoja mimi. Alikuwa ameuliza uliza Silanga mpaka akampata Ayany. Baadaye nilikuja kujua alikuwa amemweleza habari za picha, lakini za simu hakumwambia. Aliniachia mimi.

Mtu wa bajeti akafika kwenye ukurasa wa afya, akasoma haraka haraka, kwa sauti ya mtu aliye na njaa. Utafiti wa macho kwa wagonjwa wa sukari, inapendekezwa pesa zihamishiwe mambo mengine, kwa kuwa wakazi walipopigiwa simu hawakuitikia, na hawaonyeshi haja.

Hawaonyeshi haja! Nilidhani nimesikia vibaya. Kicheko chetu, Mama Achieng. Kile kicheko chetu cha kibandani, wewe ukiwa na chai mkononi na Musyoka yuko juu ya gunia, kimeandikwa kwenye karatasi ya serikali kwamba hatukutaka kuona.

Sijui niliinuka vipi. Maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu na ilikuwa inalia. Nikasema, "Mimi ndiye niliyekata simu." Achieng akageuka. Nilitamani kunyamaza hapo, Mungu anajua. Nikaendelea. Nikawasimulia ile simu neno kwa neno, na ukumbi ukacheka, maana kila mtu aliitambua. Nikawaambia mama aliyepigiwa alikuwa fundi aliyeshona bluu kwa uzi mweusi, na kwamba mimi nilikuwa nafumua asijue. Kicheko kikapungua. Nikawaambia kuhusu mistari ya sirinji na Jumamosi. Nikasema msiandike kwamba hatuna haja, andikeni kwamba tumeibiwa kwa simu mara nyingi hadi hatuwezi tena kumjua anayetuita kwa wema. Kwamba huyo mtu angekuja kwa miguu, na aproni ya kliniki, na nesi tunayemjua, ungeenda siku hiyo hiyo. Sijui kama nilisema vizuri. Nilikuwa nalia na makamasi yananitoka.

Mwenyekiti akasema dakika zangu zimeisha. Ndipo mtu akasimama karibu na mlango bila kupewa maikrofoni. Mzee Musyoka. Ana fimbo sasa, sikujua. "Hata mimi nina sukari, nilipigwa picha ile ya macho, na walinipigia," akasema. "Mwezi huo huo. Nikakata. Si tulicheka hapo kwa Mama Achieng? Nikasema hawa nishawajua."

Mama Achieng, alikata kwa sababu yetu. Alijifunza kwetu. Sikuwa nimeliwaza hilo hata mara moja. Na kabla sijapata akili mama mmoja akasema, "Na mimi." Kisha mwingine kule kando ya dirisha. Mikono ikawa inainuka mmoja mmoja, polepole, kama watu wanaoungama kanisani, na yule mtu wa bajeti akaacha kuangalia saa. Wekesa alikuwa ameegemea ukuta. Alitoa karatasi yake akaanza kuandika majina, kwa sababu hao ndio watu aliokuwa akiwatafuta mitaa yote.

Kama pesa zitabaki, sijui. Walisema maoni yamepokewa. Wewe unaijua hiyo lugha, hata mtaro wetu wa Silanga maoni yake yalipokewa. Lakini Wekesa alizungumza na Musyoka pale pale, akamwonyesha vidole kwa mbali, na akasema kwa jicho la kulia bado kuna la kufanya. Bado. Hilo neno lilikuwa limenitesa wiki tatu, na jana nikalisikia likiambiwa mtu aliye hai. Jumatatu anapelekwa hospitali. Alikataa kwenda, unamjua ubishi wake, akasema makaa yake atauza nani. Nikamwambia nitafunga kibanda nimpeleke mwenyewe, na nikamwambia kwamba wewe ungemburuta kwa shati. Akakubali.

Achieng alinisubiri nje. Alikuwa hanitazami. "Pale mochari ulikuwa unajua?" Nikasema nilijua. Tukatembea. Njia yote mpaka karibu na Ayany sikuthubutu kuomba msamaha, kwa sababu msamaha ungekuwa ni wa kunipunguzia mimi mzigo na kumwongezea yeye. Tulipofika kwenye ule mtaro tuliokuwa tukikuvusha, akanishika kiwiko, vile vile tulivyokuwa tukikushika wewe. "Jumapili nilikuwa namwona anapapasa sahani," akasema. "Nikajiambia ni uzee tu." Kisha akaniachia, akaingia kwao. Hakuniambia amenisamehe. Sijui kama atanisamehe. Lakini leo asubuhi alikuja hapa Kawangware, akatia sahihi ile fomu juu ya mashine yako, na Wekesa alipomuuliza marehemu alikuwa anafanya kazi gani alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba ulikuwa fundi.

Kwa hiyo macho yako yamo, Mama Achieng. Serikali iliyataka na sasa inayo. Mradi ukiendelea, kuna daktari atajifunza kwa macho yako jinsi ya kuyaokoa ya mwingine. Na wakiufuta, tutarudi ukumbini tukainue mikono tena.

Kitu kimoja bado sijakuambia. Tulipohamisha mashine nilikuta sketi ya mwisho chini ya sindano, ile uliyokuwa ukiishona ile Jumamosi baada ya kunifukuza. Bluu, na uzi mweusi. Pindo linaanza vizuri, linayumba, kisha linatoka nje ya kitambaa kabisa, na uzi unaendelea peke yake. Ungekuwepo, ningeifumua Jumatatu ile kama kawaida. Mara nyingi nimeichukua pamoja na wembe. Kwaya niliwashonea nyingine, na hii leo nimeitundika ukutani, mahali kila anayeingia ataiona. Tayari msichana mmoja ameniuliza, "Madam, hii skirt imeharibika ama ni design?" Nikamketisha nikamwambia. Mama yake ana sukari.

Sitaifumua, Mama Achieng. Hiyo naahidi. Na nguo ya mtu mwingine yeyote nikiona imeshonwa kombo na mkono uliokuwa hodari, nitamwambia uso kwa uso hata akinichukia.

Oriti, kama ulivyokuwa ukiniaga tukifunga mlango. Namba ya Wekesa nimeifungua. Simu ikilia nitashika, hata kama ni ya Achieng na ana hasira, na sitakata.

Mtoto wako,
Mwende